Randa haikati: soma maranda kabla hujanunua nyingine

Randa ndicho kifaa kinachotupwa bure kuliko vyote katika karakana zetu. Msumeno ukiwa butu, mtu anautia tupa. Nyundo ikilegea mpini, anagongea kabari. Lakini randa ikigoma, fundi anaipandisha juu ya kabati, anashika msasa namba 60, na kazi ya dakika kumi inamla asubuhi nzima pamoja na mapafu yake. Ukimuuliza, atakwambia ile randa ni feki. Nimefungua randa nyingi zilizohukumiwa hivyo, na zilizokuwa mbovu kweli nazihesabu kwa vidole.

Nazungumzia randa ya chuma ya kusukuma kwa mkono: namba 4 yenye urefu wa kama inchi 9 na nusu, na namba 5 ya inchi 14, zote zikiwa na kisu cha inchi 2. Umbo hili lilitoka kwa Mmarekani Leonard Bailey, na kampuni ya Stanley iliununua ufundi wake mwaka 1869. Tangu hapo viwanda vya dunia nzima vimekuwa vikiiga. Kwa hiyo ukijifunza kuisoma moja, iwe ya bei kubwa au ya bei ya chini, umezijua karibu zote.

Tuelewane majina kwanza, maana kila karakana ina yake. Kisu ni bapa linalokata. Kina mgongo, upande ulio bapa kabisa, na mteremko, upande ulionolewa. Kofia ni kile chuma kinachofungwa juu ya mgongo wa kisu kwa skrubu moja fupi nene. Kibanio ni chuma cha juu kabisa chenye mkono wa kukandamiza. Kiti ni kile kipande cha ndani chenye mwinamo wa nyuzi 45 ambacho kisu hukilalia. Chini kuna kitako, uso unaoteleza juu ya mbao, na katikati ya kitako kuna mdomo, mwanya ambao makali hutokezea.

Kabla hujafungua skrubu yoyote, piga randa mara tatu kwenye kipande cha mbao laini kisicho na fundo, kisha tazama maranda yaliyotoka, yaani vile vipande vyembamba vya mbao. Maranda marefu, mapana kama kisu, yanayojiviringisha: randa ni nzima, tafuta kosa kwenye mbao au mkononi. Unga na vipande vya kuvunjika: kisu ni butu. Maranda ya upande mmoja tu: kisu kimekaa kombo, sukuma ule mkono mdogo ulio nyuma ya kisu kuelekea upande unaokata zaidi, kidogo kidogo, mpaka yatoke sawa. Maranda yaliyojikunja kama kitambaa cha marinda: kofia imesogea mno kwenye makali, au mdomo umebana.

Ni mpya, imetoka dukani leo, na haikati kabisa

Haijanolewa. Hili wauzaji wengi hawalisemi na wanunuzi wengi hawalijui: kisu cha randa mpya hutoka kiwandani kikiwa kimechongwa umbo tu. Ukikitazama chini ya jua utaona michirizi ya jiwe la mashine kwenye mteremko, na mara nyingi kimepakwa grisi ya kuzuia kutu. Futa hiyo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu kinoe. Randa mpya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine unaimalizia mwenyewe, na inachukua kama saa mbili mara ya kwanza tu.

Kunoa kwenyewe huanzia mgongoni. Weka msasa wa maji juu ya kioo kinene, anza namba 400, lowesha, laza mgongo wa kisu bapa kabisa na usugue mpaka sentimita moja ya mwisho karibu na makali iwe na rangi moja bila madoa. Endelea na 1000, kisha 2000. Kazi ya mgongo hairudiwi tena maishani mwa kisu hicho isipokuwa kugusa tu. Ndipo ugeuke kwenye mteremko. Pembe unayoitaka ni nyuzi 25 hadi 30. Huna kipimo? Pima unene wa kisu: mteremko ukiwa mrefu mara mbili ya unene, uko kwenye nyuzi 30. Kisu cha milimita 2, mteremko wa milimita 4. Noa mpaka upitishapo kidole mgongoni kuelekea nje ya makali usikie kijiukingo kinachokwaruza kutoka kona hadi kona. Kikiwa kimefika nusu tu, bado hujamaliza hata kama mteremko unang'aa kama kioo. Kiondoe kwa kusugua mgongo mara mbili tatu kwenye namba ya juu, na umalizie kwenye kipande cha ngozi.

Kisha hakikisha umekirudisha sawasawa. Katika randa hizi mteremko hutazama chini, kofia hukaa juu ya mgongo. Nimeona zaidi ya mara moja kisu kikiwekwa kichwa chini miguu juu, na mwenye randa anasukuma kwa jasho.

Kisu kinanyoa nywele za mkono, lakini juu ya mbao kinateleza

Hili linawachanganya hata wazoefu, na chanzo chake ni hesabu ndogo. Kisu kimelala nyuzi 45. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30, nyuma ya makali kunabaki nafasi ya nyuzi 15 inayoyaacha makali yafike kwenye mbao kwanza. Sasa, anayenoa kwa mkono bila kishikizo hupandisha kisu kidogo kila anaporudi, kwa sababu makali huonekana kupatikana haraka. Mwezi hadi mwezi mteremko unaviringika kama tumbo la chungu. Pembe ya pale mwisho inapanda hadi 35, 40. Ikikaribia 45, kisigino cha mteremko, yaani ukingo wake wa nyuma, ndicho kinachogusa mbao, makali yananing'inia hewani. Ni kikali kweli, ila hakifiki kazini.

Jaribio lake ni la dakika moja. Paka mteremko wote wino wa maka peni, kipitishe kisu kwenye jiwe mara mbili kwa pembe unayoiamini, kisha tazama wino ulipoondoka. Ukiondoka kisiginoni tu, hujafika kwenye makali. Ukiondoka kwenye makali tu kama uzi, umenyanyua mno. Kwa kisu kilichoviringika dawa ni kurudi kwenye nyuzi 25 kwa kusaga mteremko wote upya, halafu makali yenyewe uyape nyuzi 30. Kishikizo cha kunolea chenye gurudumu kinasaidia sana hapa, na hakuna aibu kukitumia.

Maranda yanakwama mdomoni

Kijana mmoja alinijia na namba 4 aliyoinunua wiki ile ile. "Shikamoo fundi. Hii nimepigwa. Kila nikisukuma mara mbili inajaa, nakaa nachokonoa na msumari." Nikamwambia atoe kisu na kofia yake vikiwa vimefungwa hivyo hivyo, aviinue mbele ya dirisha, jicho lake liwe usawa wa pale kofia inapokutana na mgongo wa kisu. Akatazama, akanyamaza. Palikuwa na mwanga. Mstari mwembamba wa mwanga, upande wa kushoto tu, urefu wa kama ukucha. "Hapo ndipo maranda yanapoingia," nikamwambia. Maranda ya kwanza yanapenya kwenye ule mwanya, ya pili yanayagonga ya kwanza, ya tatu hayana pa kupita.

Tulilaza kofia kwenye msasa namba 400 juu ya kioo, ncha yake tu ikigusa, mkia ukiwa chini kidogo ya usawa wa kioo ili ukingo wa mbele ndio ukutane na kisu. Dakika tano. Tukalainisha na juu ya ukingo ule, maana ukiwa na michirizi maranda hayapandi vizuri. Alipofunga na kutazama tena dirishani, giza tupu. Akapiga ubao wa msonobari kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama.

Kama hakuna mwanya na bado inajaa, angalia mdomo. Kiti kinaweza kusogezwa mbele na nyuma. Kimesogea mbele mno mdomo unakuwa mwembamba kuliko maranda. Kilegeze, kirudishe nyuma mpaka kilingane na ukingo wa nyuma wa mdomo, kaza. Kwa kazi ya kila siku sioni sababu ya kukihangaikia zaidi ya hapo.

Randa inakata, lakini mbao inanyofoka na kubaki na vishimo

Hapa ndipo fundi anapopoteza mteja, kwa sababu vishimo hivi hujitokeza vizuri zaidi ukishapaka vanishi.

Anza na mbao. Nyuzi za mbao haziendi sambamba na uso. Zinapanda au zinashuka. Tazama ubavu wa ubao: ukiona nyuzi zinapanda kuelekea mbele yako, sukuma kuelekea huko. Ukienda kinyume, makali yanaingia chini ya uzi, yanauinua kama lundo la makuti lililotiwa uma, na uzi unakatika chini ya usawa uliokusudia. Mara nyingi dawa yote ni kuugeuza ubao tu.

Tatizo ni mbao ambazo hazina upande. Mvule na mkongo nyuzi zake hupishana: mkanda huu unapanda, mkanda unaofuata, upana wa kidole, unashuka. Ukigeuza ubao, panapopona ni hapa na panaponyofoka ni pale. Kwa mbao hizi kofia ndiyo mkombozi wako. Kazi ya kofia ni kuvunja maranda mara tu yanapoinuka, kabla hayajapata nguvu ya kung'oa uzi ulio mbele. Lakini inafanya hivyo ikiwa karibu tu. Kwa kazi ya kukwangua haraka iache milimita moja na nusu nyuma ya makali. Kwa kumalizia, isogeze mpaka ule ukanda wa mgongo unaobaki wazi uwe kama unene wa kucha, yaani chini kidogo ya nusu milimita. Mvule mkorofi, punguza nusu ya hapo. Nakuambia ukweli, siku niliyolielewa hili niliacha kununua msasa kwa boksi.

Sambamba na hilo: noa upya, hata kama unadhani kisu bado kikali, na upunguze unene wa maranda. Makali yaliyotosha jana kwa msonobari hayatoshi leo kwa mkongo. Panapobaki vishimo viwili vitatu licha ya yote, tumia kipande cha bapa la chuma kilichokunjwa ukingo, kwangua pale tu, usishambulie ubao mzima.

Inatetemeka na kuacha mawimbi

Ukisikia sauti ya kugugumia na ukiona vijimatuta vidogo vilivyopangana kama mchanga wa ufukweni maji yakitoka, kuna kitu kimelegea. Fuata mpangilio huu: skrubu ya kibanio, skrubu ya kofia, kisha skrubu mbili za kiti. Hizi za mwisho husahaulika kwa sababu huzioni mpaka utoe kisu. Ukikuta zote zimekaza, toa kiti chenyewe utazame chini yake. Chembe ya rangi au unga wa mbao uliogandamana inatosha kukifanya kikae kwa pembe mbili badala ya nne. Safisha. Kibanio chenyewe kisikazwe kwa nguvu ya mwili mzima: kiwe kigumu kiasi cha kisu kutosogea, na gurudumu la shaba la nyuma, lile la kupeleka kisu mbele na nyuma, bado lizunguke kwa vidole.

Na kama kisu kimetokeza sana, hata randa ya bei mbaya itatetemeka. Kirudishe.

Unene unabadilika wenyewe

Umepima vizuri, umepiga mara kumi, maranda yamekuwa membamba, kisha hakuna kitu. Gurudumu la shaba lina ulegevu. Ukilizungusha huzunguka bure nusu mzunguko au zaidi kabla halijashika. Ukimaliza kurekebisha kwa kurudisha kisu nyuma, ule ulegevu unabaki nyuma ya kisu, na mbao inakisukuma kuufuata. Kila mara maliza kwa kukipeleka mbele. Kimezidi? Kirudishe nyuma kupita kiasi, halafu kilete mbele taratibu. Hili halihitaji kununua chochote.

Mistari inayoinuka juu ya ubao

Mstari mmoja mwembamba unaojirudia mahali pale pale ni pengo kwenye makali. Umegonga msumari au mchanga. Noa mpaka pengo liishe. Mistari miwili, mmoja kila upande wa njia ya randa, ni kona za kisu zinazochimba. Wakati wa kunoa, kandamiza kidole kwenye kona moja mara tano, kwenye kona nyingine mara tano, na makali yatapinda kidogo mno kuonekana kwa jicho ila kona hazitaacha alama tena.

Ubao unabaki na mgongo, au ncha zake zinaliwa

Shuku mikono kabla ya kitako. Unapoanza, uzito uwe kwenye kishikio cha mbele. Katikati, mikono yote. Unapomaliza, uzito uhamie nyuma. Asiyefanya hivi hula ncha mbili za ubao kila siku na kulaumu chuma.

Ukishajirekebisha na bado ubao haunyooki, pima kitako. Rudisha kisu nyuma ndani kabisa lakini kiache kimebanwa, kwa sababu mbano wa kibanio hupinda chuma kidogo na unataka kukisawazisha kikiwa katika hali ya kazi. Chora mistari ya maka peni kukatiza kitako chote. Laza msasa namba 80 juu ya kioo kinene, sukuma randa mara kumi, tazama. Sehemu tatu ndizo lazima zifutike kwa pamoja: ncha ya mbele, ukingo wa mbele wa mdomo, na ncha ya nyuma. Kukiwa na bonde dogo kati yake, liache, halidhuru. Lakini ukingo wa mbele wa mdomo ukibaki na wino, randa hiyo itainyofoa mbao hata ufanye nini, kwa kuwa hakuna kinachozikandamiza nyuzi mbele ya makali. Endelea kusugua mpaka wino uondoke, umalizie namba 220. Namba 4 inaweza kula nusu saa. Namba 5, jiandae kwa jioni nzima.

Makali hayadumu

Umenoa asubuhi, saa nne kisu kimekufa. Kitoe ukitazame karibu na makali. Ukiona doa la buluu au zambarau kama mafuta juu ya maji, kisu kimeungua kwenye grainda. Chuma cha kisu hupoteza ugumu wake kinapopata joto, na rangi ya buluu inamaanisha pale palifika karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kuling'arisha doa hilo hakurudishi ugumu. Nilikiharibu kisu changu cha kwanza namna hiyo nikiwa mwanafunzi wa ufundi, na fundi wangu akanifanya nikisage kwa jiwe la mkono mpaka buluu yote ikaisha. Zilikuwa siku mbili. Tangu hapo nasaga bila glavu, vidole vikiwa karibu na makali, kopo la maji pembeni. Vidole vikisema moto, kisu majini papo hapo.

Kama hakuna buluu, tazama unachoranda. Mvule huficha mawe ndani yake, vigumba vyeupe vya chokaa ambavyo hukwangua makali kama umeranda sakafu; ukisikia mkwaruzo mkali na kuona doa jeupe, simama, lichimbe kwa patasi ya zamani kabla hujaendelea. Mtiki, ambao wengine huuita msaji, nao una chembe za silika zinazofanya makali kuwa butu upesi. Hapo si ugonjwa wa randa, ni desturi ya mti, noa mara nyingi zaidi. Mbao zilizotumika, hasa za kreti na za kumwagia zege, zipigwe brashi ya waya na kukaguliwa misumari kwanza.

Vikiondoka hivyo vyote, chuma chenyewe ni laini. Pitisha tupa kali kwenye kona ya kisu, karibu na makali: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu, ikiuma na kutoa unga kirahisi, hakijakomazwa vya kutosha. Hapo nunua kisu kingine tu, si randa nzima. Cha inchi 2 kutoka randa nyingine ya muundo huu mara nyingi kitaingia. Nenda nacho kile cha zamani na kofia yake, ujaribishe dukani.

Kutu

Wanaofanya kazi Tanga, Mombasa au Unguja wanajua: unaiacha randa jioni, asubuhi ina vumbi la rangi ya matofali. Hewa ya chumvi na jasho la viganja hushirikiana. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila jioni. Mafuta ya kupikia usitumie, hugeuka gundi. Kitako kisugue kwa mshumaa. Hupunguza kutu na randa husukumika kwa nusu ya nguvu. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu utakaa humo nayo.

Kutu iliyokwisha kuota, fungua vipande vyote, toa vishikio vya mbao na gurudumu la shaba, loweka chuma kwenye siki usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa brashi, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, kausha juani hapo hapo, paka mafuta. Ukiruka magadi, kutu itarudi kabla ya adhuhuri.

Unanunua iliyotumika

Gerezani na Kariakoo kwa walio Dar es Salaam, au Gikomba kwa walio Nairobi, utakuta randa za zamani zilizopauka ambazo ni bora kuliko mpya nyingi za rafu. Kutu ya juu juu isikutishe, na rangi iliyobanduka si kitu. Kagua skrubu zote zipo, kwa sababu nyingi za randa za zamani zina nyuzi ambazo hazilingani na skrubu za dukani. Kagua mgongo wa kisu: vishimo vya kutu vikiwa karibu na makali, hesabu bei ya kisu kingine. Geuza gurudumu uone kama kisu kinasogea kweli.

Kisha toa kisu, igeuze, na utazame pembe nne za mdomo kwenye mwanga mkali, ukipitisha ukucha polepole. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, na mara nyingine umefichwa kwa rangi au grisi. Chuma cha randa ni cha kumimina. Ukiuunga ufa kwa kuchomelea, kitako hupinda. Ukucha ukikwama, irudishe mezani hata kama muuzaji ameshuka hadi nusu ya bei.